Pole kwa Mjane wa Scarrow

Sehemu ya kumi na moja

Nyanyua macho pamoja na Selina, msomaji, maana mwanga wa ng'ambo haujamaliza kusema.

Kule Rasi ya Kestrel, maili kumi na nane za maji baridi, kioo kilikuwa kikimetameta kama jino la dhahabu. Nukta, mstari, nukta. Selina Trebilco alisimama kwenye kamba ya kuanikia, shuka bichi limemganda kifuani, akiunganisha herufi moja baada ya nyingine. Maneno yalikuwa yale yale aliyoyasoma mara ya kwanza akadhani macho yamemdanganya.

MPENI MJANE POLE ZETU.

Mjane! Mjane gani?

Kisiwa cha Scarrow kilikuwa na watu wanne, kondoo thelathini na ndege wasio na idadi. Wanawake walikuwa wawili tu. Bi Minna Lorimer, mumewe ndiye Mkuu wa Mnara, na wakati huo huo alikuwa kule juu roshanini akipokea ujumbe. Naye Selina, mumewe ni Ned, msaidizi wa taa. Ned alikuwa kitandani, mguu umevunjika, homa imempanda, lakini asubuhi ile ile alikuwa ameutukana uji wake kwa sauti nzima.

Waume wawili, wote wazima. Aliyefiwa nani?

Mwanga ukaongeza: BOTI ALHAMISI KUMCHUKUA.

Leo ilikuwa Jumatatu.

Obed Lorimer alishuka ngazi za chuma taratibu, sanduku la ngozi kwapani. Ndani yake kilikaa kioo cha ishara, duara la upana wa sahani, alichotoka nacho vitani kwenye milima ya Afghanistan miaka thelathini nyuma, alipokuwa askari. Hicho ndicho kilichokuwa mdomo na masikio ya kisiwa. Ufunguo wa sanduku ulining'inia shingoni mwake mchana na usiku. Hakuna mwingine aliyeruhusiwa kukigusa, isipokuwa Jumamosi, Selina alipopewa kitambaa akisugue huku mzee akimkodolea.

Alidhani mwanamke akitazama kioo huona uso wake tu. Hakujua kwamba chini ya bitana ya sanduku mlikuwa na kijitabu cha herufi za mwanga, na kwamba Selina, binti wa mwalimu wa shule, alikariri ukurasa mmoja kila Jumamosi hadi kijitabu kikaisha.

"Wamesemaje leo, Bwana Mkuu?"

"Wamesema meli haina makaa, mwanangu. Daktari wiki ijayo, Mungu akipenda."

"Wiki iliyopita ulisema daktari mwenyewe anaumwa."

"Basi kapona. Si jambo jema hilo?" Lorimer akatabasamu kwa meno ya kahawia. "Na Ned? Amefikia wapi?"

"Yu hai."

"Bado?"

Neno lilimponyoka. Akalifunika kwa kikohozi. "Bado ana nguvu, nasema. Kijana shupavu yule. Haya, anika shuka zako. Jua la hapa ni la kuazima."

Akaweka sanduku mlangoni kwake, akachukua sepetu, akapanda zake mlimani akipiga mluzi.

*

Chumba cha Ned kilinuka nyama iliyosahauliwa. Mguu ulikuwa umeiva weusi hadi chini ya goti, na kila asubuhi weusi ule ulikuwa umepanda upana wa kidole.

"Ned," Selina akasema, "kule bara wewe umeshakufa."

"Ningejua," Ned akajibu. "Ningeacha kuumwa."

Akamsimulia aliyoyasoma. Ned alicheka kidogo, kisha kicheko kikamkauka. Akaugeuzia uso ukuta.

"Ni ile meli," akasema. "Ile *Elspeth Rae*."

"Iliyopasuka kwenye miamba? Si mlisema nahodha alikuwa mlevi?"

"Mlevi alikuwa mzee wetu. Zamu ilikuwa yake. Alilala na chupa ya ramu, taa ikazimika, watu tisa wakafa maji mbele ya mlango wetu. Mimi niliamka kwa sababu ukutani hapakuwa na mwanga. Nilipofika juu alikuwa anakoroma. Asubuhi akaandika kitabuni kwamba taa iliwaka hadi jua linachomoza."

"Nawe ukanyamaza!"

"Nilinyamaza mpaka wakubwa wa minara kule Hobart waliponiita nikaape. Nikamwambia uso kwa uso, Bwana Mkuu, uongo sitaapa. Akanipiga bega, akasema dhamiri ni kitu kizuri kwa kijana. Kesho yake kamba ya winchi ikaachia, pipa la mafuta likanishukia mguuni."

"Iliachia, au iliachiwa?"

"Kamba iliyochoka huchanika kama nywele, Selina. Ile ilikatika kama jibini."

"Wiki tano! Wiki tano unajua, hukuniambia?"

"Ningekuambia ungemtazama. Macho yako hayajui kunyamaza. Na yeye ndiye aliyeshika kioo, ndiye wa kutuitia daktari. Niliomba tu aone haya."

Selina akainuka aende dirishani, maana machozi hayakuwa na kazi mle ndani. Mlimani, sepetu ilikuwa ikipanda na kushuka. Lorimer alionekana kuanzia kifuani kwenda juu. Sehemu nyingine ya mwili wake ilikuwa ndani ya shimo.

"Anachimba nini?" Ned akauliza kutoka kitandani.

"Aliniambia viazi."

"Kiazi gani kinapandwa shimo la kifua?"

Wakatazamana.  Mzee alishamzika Ned kwa mwanga, na sasa alikuwa akiliandaa kaburi lifanane na maneno yake. Kilichopungua ni maiti tu.

"Anangoja mguu umfanyie kazi," Selina akanong'ona.

"Na ikifika Jumatano mguu haujamaliza?"

Selina aligeukia tena dirisha. Alikuwa akihesabu saa.

*

Saa sita mchana Bi Minna alikuja na supu ya kondoo, kama alivyokuja kila siku tangu Ned aumie. Mwanamke mdogo, mkavu, mwenye mazoea ya kufuta meza ambayo tayari ni safi. Selina alimvuta jikoni akafunga mlango.

"Mama Minna, nataka ufunguo wa kioo."

"Mwanangu, tafadhali."

"Mumeo amewaambia watu mume wangu kafa. Anamchimbia kaburi akimwangalia. Wewe unaleta supu. Unamlisha nani, mama? Marehemu?"

Minna akaanza kufuta meza.

"Nimekaa na Obed miaka ishirini na sita," akasema. "Shingo yake sijaigusa ila kumfunga tai ya kanisani."

"Basi leo mguse."

"Akiamka?"

"Ataamka, atakupiga. Mume wangu hataamka tena. Pima mwenyewe."

Kitambaa kilizunguka meza mara tatu. Ghafla kikasimama.

"Akitoka mlimani hula, halafu hulala hadi saa tisa," Minna akasema bila kuinua uso. "Rasi huwa wanaangalia saa nane. Mimi sikukuambia kitu."

Saa nane kasoro robo ufunguo ulikuwa ndani ya mkate, bado una joto la kifua cha mwenyewe. Sanduku lilikuwa nyuma ya mlango. Kutoka chumbani mkoromo wa Lorimer ulikuja kama msumeno kwenye mti mbichi.

"Nenda," Minna akasema. "Mimi nitakaa na Ned."

Selina akamshika mkono, akaubusu. Mkono ule, msomaji, ukumbuke vizuri.

*

Ngazi mia moja thelathini na mbili! Selina alizipanda na sanduku mgongoni, sketi ameifunga kiunoni. Juu roshanini upepo ulimpiga kofi. Jua lilikuwepo, lakini upande wa magharibi wingu lilikuwa likinyemelea, zito, jeusi tumboni.

Alikifunga kioo juu ya miguu yake mitatu. Akachungulia kwenye kijitundu cha katikati, akakielekeza Rasi, akaminya kitufe cha nyuma. Kioo kikainama, kikainuka. Mwanga ukaenda.

Mara moja. Mara mbili. Mara kumi.

Rasi ilikaa kimya kama jiwe.

"Dunstan, amka!" akamfokea mpiga ishara wa Rasi. "Amka, mwana wa watu!"

Mara ya kumi na tano, jino la dhahabu likameta.

MKONO HUU SI WA LORIMER. NANI?

Akaminya kitufe. SELINA TREBILCO. MUME WANGU HAI. MGUU UNAOZA. LETENI DAKTARI LEO.

 Kisha herufi zikaanza kuja polepole, kama mtu anayeongea na mtoto.

POLE BIBI. NED ALIZIKWA SIKU KUMI NA TISA ZILIZOPITA. LORIMER ALITUAMBIA UTASEMA HIVI.

Selina alishika ukingo wa roshani.

Siku kumi na tisa! Yaani siku zote zile alipokuwa akimwuliza mzee habari za daktari, mzee alishamfanya mjane. Na si mjane tu.

ALISEMA UNAONGEA NA KITANDA KITUPU. ALHAMISI ANAKUJA MUUGUZI MWEMA. USIMPIGE.

Umeona ukatili wa mtu huyu? Alikuwa ameuziba mdomo wa Selina kabla Selina hajajua kwamba ana mdomo. Kila ukweli atakaousema utakuwa dalili ya ugonjwa.

MIMI SI KICHAA, akapiga. KICHAA ANGEWEZAJE KUPIGA HERUFI HIZI?

Jibu lilikuja haraka safari hii. HAPA TUNA KICHAA ANAPIGA KINANDA KANISANI. VIZURI SANA.

Selina alitamani kukivunja kile kioo. Badala yake akakirekebisha, maana jua husogea na halingoji mtu anayelia. ULIKUWA RAFIKI YAKE, akapiga. MWAKA MZIMA ALIKULA MEZANI KWAKO. ATAKUFA MIKONONI MWAKO DUNSTAN.

Mwanga wa ng'ambo ukasita. Selina alihesabu mapigo ya moyo wake hadi sitini.

MBWA WANGU ANAITWA DUKE, Dunstan akasema mwisho. NED ALIMPA JINA LA UTANI. TUNALIJUA MIMI NA YEYE. KAMA YU HAI MWULIZE. UKILITAJA NATUMA BOTI NA DAKTARI SASA HIVI.

NGOJA, Selina akapiga. USIONDOKE. NGOJA.

Akatazama magharibi. Wingu lilikuwa limeshaila nusu ya bahari. Dakika ishirini, pengine kumi na tano. Akakiacha kioo kimesimama, akajitupa ngazini.

*

Alimkuta Minna pembeni ya kitanda, kijiko mkononi, uso mtulivu.

"Ned! Ned, nisikilize! Mbwa wa Dunstan!"

Ned alifungua macho yaliyokuwa mbali. "Mbwa?"

"Wa Rasi. Ulimwitaje?"

"Anaitwa Duke."

"Siyo Duke! Jina la utani. Ulilompa wewe."

"Mwambie Dunstan ananidai kibiriti," Ned akasema, akafumba macho tena.

Selina alifanya jambo ambalo hakuwahi kudhani angelifanya. Alimzaba mumewe mgonjwa kofi la nguvu. Kisha akaweka kiganja juu ya ule mguu, akaubonyeza.

Ned alipiga yowe lililowanyanyua ndege mwambani. Lakini macho yalirudi, yamejaa maji, yamejaa akili.

"Mbwa wa Dunstan," Selina akasema akilia. "Ulimwitaje?"

"Askofu." Ned alikuwa anatweta. "Askofu, maana halishi mtu, halindi mtu, na watu wote humpisha apite. Kwa nini umeniumiza, mpenzi?"

"Kwa sababu utapona!"

Akambusu paji la uso, akageuka mlangoni. Hapo ndipo alipogundua kwamba mkoromo haukusikika tena kwa jirani.

"Mama Minna. Mzee yuko wapi?"

Minna alifuta kijiko kwa aproni yake, mbele, nyuma.

"Nimemwamsha," akasema.

"Umefanya nini?"

"Ulipokuwa juu. Ufunguo nilikupa kwa ajili ya Mungu wangu. Obed nimemwamsha kwa ajili ya kiapo changu cha ndoa. Sasa sidaiwi na yeyote." Akainua macho, na hayakuwa na chuki hata chembe. "Ulipoingia humu kwa mbio, yeye alikuwa nyuma ya ghala la mafuta. Alingoja ukapita, akapanda."

Selina alimtazama mumewe. Alimtazama yule mwanamke aliyeketi kando yake na kijiko. Kumwacha Ned na mikono ile? Kumbeba hawezi. Kukaa ni kumzika. Kule juu kulikuwa na neno moja tu la kupiga, herufi chache, na boti ingewasha moto wa mvuke ije.

"Ukimgusa," akamwambia Minna, "nitakula ini lako."

"Nitamlisha supu tu, mwanangu," Minna akasema. "Inapoa."

*

Alipanda akiwa hana pumzi tena. Kila mzunguko wa ngazi aliusikia mlio kutoka juu, mdogo, mkavu: kitufe cha kioo kikigonga. Mkono ule ulikuwa na mazoea ya miaka thelathini, haukukosea, haukusita. Selina hakuhitaji kuona mwanga. Aliusoma ujumbe kwa masikio, ngazi baada ya ngazi.

LORIMER HAPA. SAMAHANINI.

Ngazi ya sabini.

MJANE ALIIBA KIOO.

Ngazi ya mia.

NIMECHELEWA KUMSHIKA. AMEJIRUSHA KUTOKA ROSHANINI. MAITI IMECHUKULIWA NA BAHARI.

Selina alitokea roshanini nywele zimefumuka, mkono umenyooshwa mbele. "Askofu!" akapiga kelele kuelekea Rasi. "Askofu! Dunstan, anaitwa Askofu!"

Obed Lorimer hakugeuka. Kitufe kiliendelea kugonga.

"Ongeza sauti kidogo," akasema. "Ni maili kumi na nane tu."

Selina alimrukia. Mzee alikuwa na miaka hamsini na minane, lakini alikuwa amepandisha mapipa ya mafuta juu ya mnara ule kwa miaka kumi na minne. Alimdaka kifundo cha mkono bila kukiacha kioo, akamzungusha, akambana ukutani kwa kiwiko, kama mtu anayezuia mlango usipigwe na upepo.

"Unasoma," akasema kwa mshangao wa kweli. "Kumbe unasoma. Nikakupa kitambaa mwenyewe! Tazama, soma na hili ulilonifanya niseme."

Kidole chake kikaminya herufi za mwisho. MSITUME BOTI KABLA YA ALHAMISI. HAKUNA WA KUCHUKUA.

Ng'ambo, mwanga ukawaka. Ulikuja wa upole, ukiwa na mapumziko marefu, na Selina aliusoma huku mfupa wa kifundo chake ukilia.

TUMEPOKEA. MASKINI BINTI YULE. NILIMWAMINI KIDOGO. MUNGU AMREHEMU.

Kisha wingu likafika. Bahari ikawa nyeusi, Rasi ikatoweka, na kioo juu ya miguu yake mitatu kikabaki kama sahani ya bati.

Bila kumwachia Selina kifundo, Lorimer aliifungua parafujo taratibu kwa mkono mmoja, akakiinua kioo, akakipangusa kwa mkono wa koti lake. Akakilaza ndani ya sanduku. Hakuwa na hasira. Hilo ndilo lililomtisha Selina kuliko kiwiko.

"Umesoma walichojibu?" akauliza.

"Nimesoma."

"Vizuri. Basi tumeelewana." Kwa mkono ule ule alisukuma komeo la kijilango cha chuma kwenye ukingo wa roshani, kile cha kupandishia mapipa. Kijilango kikafunguka nje, juu ya hewa tupu. "Mimi ni mtu wa serikali, mwanangu. Nimeshawaandikia wakubwa. Usinifanye muongo."